Jiwe la Kwanza la Tatu

(Hotuba ya Daktari Teófilo Barrantes Uceda katika uwanja wa shule ya sekondari ya Huayllacocha, nyanda za juu za Peru, siku ya kuweka jiwe la kwanza la Maktaba ya Vitabu vya Sayansi na Viumbe kwa Vijana. Imeandikwa kama ilivyosemwa, pamoja na maneno ya waliomkatiza.)

Mheshimiwa Meya, ambaye hakuweza kufika; Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya, ambaye yuko njiani; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti, ambaye naona amesimama; Padri; Sajini wa Polisi na mbwa wake; Mwalimu Eduviges wa baiolojia; don Hermógenes Quilca, fundi mwashi, ambaye amekwisha kuchanganya saruji; mama Saturnina, mdhamini wa shughuli hii, ambaye nikishamaliza atavunja, kama ilivyo desturi yetu, mtungi wa chicha, pombe ya mahindi, ule unaoning'inia kwenye utepe; wazazi, wanafunzi, na alpaka wenye sufu mnaopita nyuma ya uzio: nawasalimu kwa niaba ya Ofisi, kwa niaba ya Mkoa, na kwa niaba yangu mimi mwenyewe, Mkurugenzi Msaidizi wa Kurugenzi Ndogo ya Uhamasishaji, Uratibu na Ufuatiliaji wa Usomaji.

(Makofi ya katibu wake.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu kwenye mwinuko wa mita elfu tatu na mia tisa, mahali ambapo hewa ni kidogo lakini dhamira ya Ofisi yangu ni kubwa, ili kutekeleza kwa vitendo kile ambacho katika mpango mkakati wetu tulikwisha kukitekeleza kwa maandishi, yaani kuweka jiwe la kwanza la maktaba itakayokuwa na juzuu ishirini na nne za vitabu vya sayansi na viumbe, vilivyoandikwa mahsusi kwa kijana wa umri wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, siku za kazi. Najua wapo wachache wanaodai kwamba jiwe la kwanza lilikwisha kuwekwa hapahapa mwaka juzi, na jingine mwaka jana.

(Mama Saturnina: "Si madai, Daktari! Moja nimelikalia hapa!" Kicheko.)

Nakushukuru, mama, kwa kulitumia jiwe la umma kwa uangalifu. Lile lilikuwa jiwe la kwanza la awamu ya maandalizi, na la mwaka jana lilikuwa jiwe la kwanza la mapitio ya maandalizi. Hili la leo ni jiwe la kwanza la tatu, na nchi ngapi duniani zimefikisha mawe ya kwanza matatu kwa maktaba moja? Tathmini yetu shirikishi imeonyesha kwamba asilimia tisini na sita ya vijana wa mkoa huu wanapenda kusoma habari za volkano, nyota na wadudu, na asilimia nne waliobaki hawakuwa nyumbani tulipopita kuwauliza.

(Sauti ya mwanafunzi: "Mlipita lini?" Sauti nyingine: "Nyamaza, chicha inazidi kuchacha.")

Sasa, kwa wale wenye mazoea ya kuuliza vitabu viko wapi, leo nimewaziba midomo, kwani nilipofika getini asubuhi nilimwuliza Mwalimu Eduviges, "Kitabu kiko wapi?" naye, bila kusita, akanikabidhi hiki hapa. Tazameni! Nakala ya mfano ya juzuu ya kwanza. Tazameni jalada lake gumu, la kisasa, lenye picha ya ng'ombe, ishara ya kilimo chetu!

(Mwalimu Eduviges: "Daktari, hilo jalada ni katoni ya maziwa. Kitabu hicho kimetengenezwa na wa—")

Kimetengenezwa na wataalamu, mwalimu, nakubaliana na wewe. Na kurasa zake zimeshonwa kwa uzi! Teknolojia hii haipatikani hata mjini.

(Msichana wa safu ya pili anainuka. Ni Nélida Ccahuana, kidato cha tatu, ambaye huwa haongei hata akiitwa jina. Anasema kitu, hakisikiki. Anarudia: "Samahani, Daktari. Hicho kitabu ni changu.")

Mmesikia? Ni chake! Na ni cha huyu, na ni cha yule! Kitabu hiki ni cha kila kijana wa Peru! Mpigieni makofi binti huyu, ameuelewa mpango mkakati kuliko watumishi wangu.

(Makofi ya katibu. Nélida anabaki amesimama.)

Ngoja niwasomee kidogo, ili mjue ubora wa bidhaa. Ukurasa wa arobaini na moja. "Chura wa dimbwi la nyuma ya shule. Huyu hatoki majini. Anapumua kwa ngozi, na ndiyo maana ngozi yake imejaa mikunjo, kama mtu aliyevaa sweta la kaka yake. Akikosa hewa hupiga pushapu chini ya maji ili mikunjo itikisike na maji mapya yapite. Nilimhesabia: kumi na mbili kwa dakika. Nimemwona Machi tisa na Machi thelathini. Tangu hapo sijamwona, lakini bado naenda kila asubuhi, kwa sababu asiponiona mimi anaweza kudhani hakuna anayemtafuta."

(Hata mbwa wa Sajini ametega masikio.)

Hm. Ehm. Hayo... hayo ni maandishi ya kiwango cha juu. Sijui ni bingwa gani wa ng'ambo aliyeyaandika.

(Watu wote wamegeuka kumtazama Nélida. Daktari anakiweka kitabu mezani, anafungua karatasi inayofuata.)

Nakala hii, kwa hiyo, ndugu wananchi, haistahili kushikwashikwa na watu. Kwa kuzingatia uzito wake, na kwa kufuata desturi ya kila jiwe la kwanza linaloheshimika, nimeelekeza iwekwe ndani ya sanduku hili la bati, pamoja na gazeti la leo na picha yangu, sanduku lizikwe chini ya jiwe kwa saruji, na lifunguliwe na vizazi vijavyo baada ya miaka mia moja.

(Mayowe. Nélida: "Hapana! Iko moja tu! Nimeiandika miaka miwili!" Mama Saturnina: "Weee! Mtamzika mtoto wa watu na vyura wake?" Don Hermógenes, akiwa ameshika mwiko: "Daktari, saruji inakauka. Nifanyeje?")

Ninaona hisia zenu, na ninazipokea kama pongezi. Don Hermógenes, usibabaishwe. Weka sandukuni nyaraka zote rasmi zilizo hapa mezani, funga, piga saruji. Mimi nageukia bendera kwa ajili ya picha. Katibu, upande huu wa uso.

(Daktari anageukia bendera. Katibu anapiga picha kumi na mbili, kwa kuwa katika kumi na moja alpaka ameonekana. Nyuma yao mwiko unasikika ukikwangua bati, halafu jiwe, halafu watu wakijizuia kucheka.)

Naam. Sasa naingia katika sehemu nyeti ya hotuba, yenye takwimu za utekelezaji, bajeti, ratiba na tarehe ya vitabu kufika, kama inavyoonekana katika ukurasa wa... Ukurasa wa kumi na saba. Uko wapi ukurasa wa kumi na saba? Nilikuwa nimeubana na kijiwe, hapa, na ule wa kumi na nane.

(Don Hermógenes: "Uko ndani, Daktari.")

Ndani ya nini?

("Ya sanduku. Ulisema nyaraka rasmi. Nikaangalia zipi zina muhuri. Karatasi zako zina muhuri kila moja. Hiki kitabu hakina muhuri hata mmoja, nikasema hiki si rasmi, nikamrudishia mwenyewe." Shangwe. Nélida amekikumbatia kitabu kwa mikono miwili, jalada lina alama ya kidole cha saruji.)

Basi fukua!

("Saruji imeshika, Daktari. Labda baada ya miaka mia.")

(Kicheko kirefu. Mama Saturnina amekwisha kuvunja mtungi bila kuambiwa, na vikombe vya chicha iliyobaki kwenye ndoo vinazunguka. Daktari anapapasa mifuko, anakuta leso. Anaishika kama karatasi.)

Ndugu wananchi. Kiongozi wa kweli hategemei karatasi. Nitamalizia kwa shukrani kutoka moyoni, na nitamtaja kila aliyehusika. Nawashukuru waandishi wa juzuu zote ishirini na nne, ambao tutaanza kuwatafuta. Nawashukuru wachoraji, ambao tangazo lao la kazi bado linaandikwa. Nakishukuru kiwanda cha chapa, ambacho kitajadiliwa na kamati, na naishukuru kamati, ambayo itaundwa. Nawashukuru mafundi wa jengo, yaani don Hermógenes, ambaye leo amefanya kazi iliyozidi maelekezo. Na wewe binti, uliye na katoni ya maziwa, jina lako?

("Nélida Ccahuana, Daktari." Safari hii imesikika mpaka kwenye uzio.)

Nakushukuru, Nélida, maana juzi ofisini tulikuwa tumekaa watu tisa tunaulizana nani atakuja na kitabu, na kila mtu alidhani ni mwenzake. Yule chura... umemwona tena?

("Bado. Nikitoka hapa naenda kuangalia.")

Nenda, mwanangu. Na ukimwona... uandike.

(Katibu anamkonyeza: kaulimbiu. Daktari anainua leso juu.)

Kijana mmoja!

(Umati: "Kitabu kimoja!" Nélida anakiinua.)

Kijana mmoja!

("Kitabu kimoja!")

Mmesema kweli tupu, nimehesabu mwenyewe. Asanteni sana, watu wa Huayllacocha. Mradi huu, ambao haupo, usingewezekana bila ninyi.