Habari za Turubai na Kadi Aliyomdarizia Dada Yake

Sogeeni, enyi mnaoijua thamani ya uzi. Na ninyi msioijua, sogeeni zaidi. Zimeni redio, punguzeni moto jikoni, mpeni mtoto kitu cha kushika, kwa maana yatakayosimuliwa hapa ni makubwa: namna mtu mmoja, akiwa peke yake mbele ya cherehani, alivyopigana na karatasi siku mbili nzima, na jinsi vita hivyo vilivyokwisha. Nawe sindano, uwavishaye walimwengu hali mwenyewe u uchi, uongoze ulimi wangu usije ukaruka mshono.

Alikuwapo fundi aliyeitwa Turubai. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu, kwa kuwa kwa miaka thelathini na mmoja alishona maturubai ya malori, mahema na magunia, kwa cherehani ya chuma kitupu yenye sauti ya mtu anayebomoa ukuta. Huyo ndiye Turubai mtoboa magunia, Turubai mwenye vidole kama vigingi, ambaye sindano zake zilizokwisha makali seremala jirani aliziomba azitumie kama misumari. Hakuna kitambaa kizito kilichowahi kumshinda. Chepesi hakuwahi kukishika.

Naye alikuwa na dada mkubwa, muuguzi. Mama yao alipofariki, Turubai akiwa na miaka sita na dada miaka kumi na saba, dada aliacha shule mwaka mzima akamlea mdogo wake. Kisha akarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, akasomea uuguzi, akawauguza watu wa mji ule miaka thelathini na minane. Sasa alikuwa anastaafu. Jumamosi angeagwa katika ukumbi mdogo wa zahanati, na wenzake walikuwa wameleta ujumbe kwamba ndugu yake wa pekee atapewa nafasi aseme machache.

Hapo ndipo palipoanza msiba wa Turubai. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia dada yake asante. Si kwamba hakuwa na shukrani, alikuwa nayo tele. Lakini kila alipofungua kinywa mbele yake alijikuta anazungumzia hali ya hewa. Jumatano alikwenda dukani kutazama kadi, akazikuta zimejaa maneno matamu yaliyoandikwa na mtu asiyemjua dada. Akatoka mikono mitupu, na njiani, mbele ya kinyozi, akaazimia jambo ambalo hakuna mshona maturubai aliyewahi kuliazimia: atadarizi kadi mwenyewe.

Ila cherehani yake ingeitafuna karatasi kama mbuzi. Ilimlazimu kuomba ile ya mkewe, mdarizi wa mashuka na vitambaa vya meza, aliyetawala cherehani ndogo ya umeme ambayo mkono mwingine haukuwahi kuigusa. Hata vumbi lilitua juu yake kwa ruhusa.

Turubai alisimama mlangoni, mikono nyuma, akahutubia.

"Mke wangu, tumeishi pamoja miaka ishirini na mitatu. Sijawahi kukuomba cherehani yako, wala wewe hujawahi kuniomba yangu. Leo naiomba. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya dada."

Mkewe aliweka mkasi chini. "Unataka kushona nini?"

"Karatasi."

Mama yule alimtazama kwa muda unaotosha kutunga uzi mara tatu. "Baba watoto," akasema, "wewe ukishona kifungo, shati hufa kifungo kikabaki." Lakini yeye pia alikuwa na deni kwa dada yule, kwa kuwa ndiye aliyemzalisha wanawe wote wawili. Akakubali, akatoa masharti: anawe mikono kwa sabuni, akate kucha, asilete mafuta ya cherehani yake chumbani humo, na mguu auweke kwenye kanyagio kama anayekanyaga yai asilivunje. Turubai aliyapokea masharti yote akiwa wima. Mkataba huo haukuandikwa, lakini ulishikwa.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, akaingia uwanjani. Alikuwa amekata kadi za karatasi nene nyeupe, na juu ya ile ya kwanza alichora ua kubwa lenye petali nane, na chini yake maneno ASANTE SANA DADA YANGU MPENDWA. Akalishona ua lile kama alivyoshona kila kitu tangu ujana wake: mishono iliyobanana bega kwa bega, mara mbili, isipite hata mvua. Alipoinyanyua kadi, ua lilidondoka. Lilidondoka zima, na petali zake nane, likalala sakafuni, na kwenye kadi pakabaki dirisha lenye umbo la ua, ambalo kupitia humo Turubai aliuona uso wa mkewe aliyekuwa akipita ukumbini. Mkewe aliendelea na safari yake.

Kadi ya pili ilipoteza herufi, moja baada ya nyingine, kama mzee anayepoteza meno. Ya tatu ilichanika katikati kwa mstari ulionyooka vizuri sana. Kwenye ya nne sindano ilivunjika, naye Turubai akajiambia kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaweka nyingine, nayo ikaimaliza kadi ya tano. Jioni aliwalaza majeruhi wote watano juu ya meza, akaketi mbele yao, kofia mkononi.

Ndipo mkewe alipokuja, akavuta kigoda, akayachunguza matundu moja moja.

"Kitambaa kinasamehe," alisema. "Ukikosea unafumua, tundu linajifunga. Karatasi ukiitoboa imetoboka. Kwa hiyo usiseme mengi, baba watoto. Toboa pale tu penye neno."

Turubai alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Ijumaa alifuta ua. Alifuta asante, akafuta sana, akafuta yangu na mpendwa. Akabaki na jina moja, Dada, na juu yake akachora kiatu kidogo cha mtoto, mstari mmoja tu wa kukizunguka, kimefungwa kamba kwa fundo la masikio mawili; kwa kuwa ni dada aliyepiga magoti sakafuni kila asubuhi ya mwaka ule akamfunza kufunga kamba. Akabana kitambaa chepesi kwenye fremu, akaigandisha kadi juu yake, akachagua sindano nyembamba kuliko zote, akalegeza uzi, akarefusha mishono ikawa kama punje za mchele. Kadi ya sita ilikufa kwenye fundo. Ya saba ilivuka fundo, ikavuka D, ikavuka a, ikavuka d.

Kwenye herufi ya mwisho, mlio wa cherehani ulibadilika. Uzi wa chini ulikuwa umekwisha, na sindano, isiyo na habari, ilikuwa imetoboa matundu manne matupu.

Mwingine angepiga kelele. Turubai aliondoa mguu kwenye kanyagio. Akajaza uzi upya, akainama hata pua yake ikakaribia meza, kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akiishusha sindano ndani ya tundu la kwanza. Iliingia bila kugusa ukingo. Akaenda la pili, la tatu. Kwa la nne alishusha pumzi kwanza, na vidole vile kama vigingi havikutikisika. Hakuongeza tundu hata moja.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Turubai alipoitwa aseme, alisimama, akapita katikati ya viti hadi mbele ya dada yake, na maneno yote yakamkimbia, hata yale ya hali ya hewa. Akampa kadi.

"Nimeshona," alisema.

Dada alivaa miwani. Alikitazama kiatu. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya uzi, taratibu, kama mtu aliyeshona vidonda vya watu maisha yake yote, hadi kidole kikasimama kwenye herufi ya mwisho.

"Hapa uzi ulikwisha."

"Ulikwisha, dada."

"Ukarudia matundu yale yale."

"Yale yale."

Dada alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Kazi safi," alisema. "Haitaacha kovu."

Basi na iandikwe, wajukuu wasome: kwamba Jumamosi ile, saa tano na robo asubuhi, mbele ya wauguzi kumi na wanne, daktari mmoja na mfagizi, fundi aliyeitwa Turubai alisifiwa mshono na dada yake mkubwa, akarudi kwenye kiti chake, akakaa, na mkewe akamsogezea kipande cha keki kilichokuwa kikubwa zaidi.