Saa Inayoninyima Kilomita

Jumatatu, 7 Juni 2004

Imefika! Shemeji Murhula ameituma kutoka Liège, Ubelgiji, ndani ya soksi. Saa ya wakimbiaji! Ina mkanda wa kifuani unaosikiliza moyo, na kidude cha kufunga kwenye kiatu kinachopima umbali. Bujumbura nzima sijaona nyingine.

Imekuja wakati wake. Jumamosi ni mbio za madepo ya Zone Industrielle, mpaka Kajaga, kilomita kumi. Mshindi atapanda meli kwenda Kigoma kushindana na Watanzania. Mimi Byamungu, msaidizi wa stoo kwenye depo la sukari, sijawahi kupanda meli. Wote wanasema ataenda Méthode, dereva wetu, eti ana miguu mirefu. Miguu! Hata twiga anayo.

Nimeijaribu jioni, depo mpaka nyumbani. Nimekimbia mpaka macho yakaingia giza. Saa imesema kilomita moja na nusu, na moyo polepole kabisa. Mke wangu Esperance ameuliza kama aliyekimbia ni mutu ao maiti.

Saa ni mbovu. Mimi si mbovu.

Jumanne, 8 Juni

Nimelowesha mkanda kwa mate, kama michoro ya maelezo inavyoonyesha. Moyo umeruka mpaka mia mbili na zaidi, nami nimekaa tu juu ya gunia! Karibu niandike wosia. Kumbe nimekaa chini ya transfoma, saa inasikiliza umeme. Nimehama, moyo umetulia. Kilomita zimebaki chache vilevile.

Nimeipeleka Buyenzi kwa Ilyasi, fundi saa. Amebonyezabonyeza, kisha amecheka mpaka akavua miwani. Amesema saa haina ugonjwa, ila bado inamtambua mwenyewe wa zamani: mwanamke, miaka sabini na moja. Hatua zangu inazihesabu kwa urefu wa hatua za bibi! Kumbe bibi wa Liège ndiye anayekula kilomita zangu!

Dawa, amesema, ni kukimbia mahali ambapo urefu wake unajulikana, kisha kuiambia saa urefu huo. Niende uwanjani. Uwanjani, anakofanyia mazoezi Méthode? Aone siri yangu? Apana.

Alhamisi, 10 Juni

Nimechagua Gasenyi. Dereva wa teksi ameniapia kwamba toka nyumba za mwisho, chini ya milima, mpaka bariyeri ya askari ni kilomita tatu kamili. Huyo anaishi kwa kuuza umbali. Kwa nini anidanganye?

Asubuhi nimeondoka kwa mbio zote. Jambo moja sikulifikiria: siku hizi waasi wako milimani, na mutu akishuka mbio kutoka huko, hakuna anayemuuliza sababu. Mama mmoja ameacha sufuria motoni, akanifuata. Mwingine ametoka na godoro kichwani. Nikageuka: mtaa mzima uko nyuma yangu! Nikadhani wananishangilia. Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza.

Kwenye bariyeri askari ameuliza kwa sauti wameingia wangapi, na wapi. Nimejibu niko peke yangu, natengeneza saa. Ndipo akauona mkanda chini ya shati. Bunduki ikanigeukia. Mikono juu! Moyo ulikuwa mia moja tisini, na hapo saa haikukosea.

Mama wa godoro ndiye aliyeniokoa. Anaitwa Dorothée. Amemwambia askari kwamba mwenye bomu hawezi kukimbia ulimi nje namna ile. Kisha akanigeukia.

“We mupumbavu! Mi nalala na viatu miguuni kila siku. Ukitaka kukimbia huku kwetu, kimbia ukicheka, tujue ni mchezo!”

Nimembebea godoro mpaka mlangoni kwake.

Lakini saa nimeshaiwekea kilomita tatu!

Ijumaa, 11 Juni

Muujiza! Nimezunguka mitaa kidogo tu, saa imesema kilomita kumi, kwa mwendo wa mabingwa! Nimemwonyesha Népomuscène, patron wetu wa depo. Ameita depo zima, amenitangaza kapiteni, jezi namba moja amemvua Méthode, akanivika mimi. Inafika magotini. Méthode hakununa. Ameuliza tu kama nimewahi kufika Kajaga kwa miguu. Nimemwonyesha saa. Wivu mtupu.

Jumamosi, 12 Juni

Nilikuwa wa kwanza! Naandika tena: wa kwanza! Nimewaacha wote, nimemaliza nguvu zote, na saa ikalia: kumi! Nikainua mikono, nikasimama, nikaketi. Hapakuwa na utepe wala patron. Palikuwa na mama anayeanika ndagala, dagaa wa ziwani, akanipongeza.

Mara Méthode amefika, akasimama.

“Byamungu, umeanguka?”

“Apana. Nimefika.”

“Umefika wapi? Kajaga iko kule mbele! Simama, ndugu, twende!”

Amenivuta mkono. Miguu imegoma kabisa. Wakati ananivuta, wawili wa depo la sabuni wametupita. Nimemwambia aniache, akimbie, akimbie! Amekimbia. Mimi nimedandia baiskeli ya muuza ndagala aliyekuwa akipita, nikaona yote kutoka kwenye keria: amempita mmoja, amempita wa pili mbele ya utepe, kwa kifua tu. Nimepiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilikuwa nadai maji. Esperance anasema nilikuwa naita jina la Méthode.

Jumatatu, 14 Juni

Nimewaeleza waandaaji kwamba njia yao ni ndefu mno. Wamesema waliipima mara mbili kwa mnyororo. Mnyororo! Jua likiwaka si unavutika?

Patron amekataa niende Kigoma kama fundi wa saa wa Méthode. Jezi imerudishwa.

Haidhuru. Jirani yetu Candide ana kipima mwendo cha baiskeli, anakiuza kwa sababu ati ni kibovu. Nimekiona kwa macho yangu: baiskeli imeegemezwa ukutani, na chenyewe kinaonyesha kilomita arobaini kwa saa! Mwezi ujao kuna mbio za baiskeli. Nimeshajiandikisha!