Daktari wa Mto Kwezinde

Siku Tobia aliposikia kwamba Mto Kwezinde unakauka, alimshukuru Mungu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alikuwa sokoni Lushoto akitafuta chai ya bure. Bi Tatu, muuza mboga, alikuwa akimweleza mteja kwa nini kabichi zake ni kama ngumi za mtoto.

"Mto umekuwa kamba," alisema. "Ziwa Jike limebaki dimbwi. Ziwa Dume hata vyura wamelihama. Tukikosa maji mwaka huu, na sisi tutahama. Kesho kutwa kuna baraza la kuuokoa."

Tobia alivua kofia. "Shikamoo, mama. Mimi ni daktari wa mito."

"Marahaba. Mito nayo ina daktari?"

"Ng'ombe anaye. Kwani mto ni mdogo kuliko ng'ombe?"

Bi Tatu akampa chai.

Tobia alitoka Tanga mjini, ambako polisi walikuwa wameujua mwendo wake hata akiwapa mgongo. Udaktari aliupata kwenye kituo cha wataalamu cha Amani, alikoosha vyombo vya watafiti kwa miezi miwili, akaondoka na koti jeupe, chupa nyembamba ya kioo na neno "utafiti." Watu wameanza utumishi kwa vichache zaidi.

Kesho yake aliufuata mto mpaka chemchemi yake, akitikisa maji ndani ya chupa na kuguna kila alipotazamwa. Pale juu alikuta shamba la mikaratusi, mali ya Mzee Abdallah, aliyeuza nguzo kwenye mashamba ya chai. Tobia akaenda kwake moja kwa moja.

"Shikamoo, mzee. Utafiti umeonyesha kwamba miti yako inakunywa mto."

"Miti inakunywa? Kwa mdomo gani?"

"Kwa mizizi. Mti mmoja, pipa zima kwa siku." Uongo huu aliubuni palepale, akaona unapendeza. "Nikilisema hilo barazani, kesho watakuja na mashoka. Lakini daktari naye ni binadamu. Hufurahi akiona, kwa mfano, mtamba mnene."

Mzee Abdallah alitazama miti yake, akatazama mifugo yake, akalia kidogo. Jioni mtamba alikuwa amefungwa nje ya nyumba aliyofikia Tobia.

Baraza lilianza asubuhi. Jumbe Nikodemo, Mlutheri wa siku nyingi, alitaka maombi ya Jumapili. Waislamu nao walitaka dua, lakini Ijumaa. Wakabishana saa nzima, na Mungu, anayesikia siku zote saba, akawasubiri. Mmoja alipotaja matuta anayohimiza bwana shamba, alizomewa mpaka akakaa.

Ndipo Tobia aliposimama na koti lake. "Ndugu zangu, mto umezibwa na tope. Iko mashine Amani ya kulivuta. Kila nyumba ilete kuku mmoja na kopo la samli, nami nitaifuata mwenyewe."

"Mashine inakula kuku?" aliuliza Bi Tatu.

"Inapakwa samli, mama. Kuku ni wa fundi."

"Haya. Na yule mtamba wa Mzee Abdallah aliyefungwa kwako ni wa nani?"

Tobia alifungua kinywa, lakini Mzee Abdallah alikuwa amekwisha kuruka. "Mimi sikumpa ili anyamaze! Miti yangu hainywi mto! Nani kasema inakunywa?"

Hakuna aliyekuwa amesema. Wenye mapanga walianza kuyatazama. Tobia akaona kuna njia moja tu ya kutoka na roho yake.

"Nilikuwa ninawapima!" alipaza sauti. "Mwenye kosa amejitaja. Mikaratusi ndiyo inayoua mto! Ing'olewe yote pale chemchemini, na visiki vyake!"

Vigelegele vilipasua mlima. Jumbe Nikodemo akaja na jembe jipya, akamkabidhi. Tobia alijua kwamba kule mjini wageni wa heshima huvishwa maua, na huku labda hawana maua. Akalipokea kwa mikono miwili, akainama. "Nimepokea!"

"Umesikika," alisema Jumbe.

"Nitalitundika ukutani."

"Utalitundika wapi, mwanangu?" alisema Bi Tatu. "Hapa kwetu aliyetoa shauri hupewa jembe la msaragambo. Akipokea, kazi ya kijiji ni yake. Yeye huanza alfajiri, yeye huondoka wa mwisho, wala haendi kwao mpaka kazi iishe."

"Lakini mimi ni daktari!"

"Na mgonjwa ni wako."

Mtamba alichinjwa na Mzee Abdallah mwenyewe, kwa machozi, watu wapate nguvu. Tobia alijaribu kutoroka mara mbili. Mara zote alikutana na wanawake wenye mizigo ya kuni, wakamwamkia kwa adabu kamili: "Shikamoo, daktari. Chemchemi iko huku."

Siku ya kumi na tisa kisiki cha mwisho kiling'oka. Shimo likaanza kujaa polepole, kisha kwa haraka, maji meusi, halafu ya kahawia, halafu meupe, yakashika njia kuelekea Ziwa Jike na Ziwa Dume. Watu wakapiga magoti, kila mmoja kwa dini yake. Tobia alibaki amesimama ndani ya maji, mikono imejaa malengelenge.

"Mbona umeduwaa?" aliuliza Bi Tatu.

"Sikujua, mama."

"Hukujua nini?"

"Kwamba ni kweli."