Taa ya Afande Hafidhi Yahamia Bigwa

Idara ya Heshima na Kumbukumbu, ambayo mimi ni Katibu wake, ina furaha kuutangazia umma kwamba Afande Hafidhi sasa ametimiza vigezo vyote vya kukumbukwa. Kigezo kilichokuwa kimebaki ni kufa.

Marehemu alikuwa Mluguru wa hapahapa Bigwa, mtu wa milimani, ambaye ajira ilimpeleka kwenye doria ya pwani. Huko akapenda mnara mmoja wa taa ya kuongozea vyombo, ulio rasini. Alipostaafu tulitegemea afuge kuku kama wastaafu wengine. Yeye akawa anapanda basi kurudi kule, kuupaka mnara rangi na kufuta kioo cha taa bila kibali cha mtu. Akatuandikia kuomba rangi na mtu wa kumsaidia. Nilimjibu kwa heshima zote: "Fungu lililopo ni la kumbukumbu, na kumbukumbu hutolewa kwa marehemu. Tafadhali subiri." Kwa bahati nzuri hakusubiri sana.

Kamati iliazimia kwa kauli moja kumjengea mnara Bigwa. Mnara ukahitaji taa. Taa iliyomhusu marehemu kuliko zote ni ile ya rasini, kwa hiyo tukaing'oa.

Binti yake, Raya, akaja ofisini.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Ile taa irudisheni. Juzi tu mtumbwi umepasukia mwambani, watu wameokolewa kwa taabu. Baba angekuwa hai angelia."

"Angekuwa hai tusingeing'oa," nilimwelimisha.

"Na hapa Bigwa itaongoza meli gani?"

"Suala la meli liko kwenye upembuzi yakinifu."

Aliondoka bila kuaga. Vijana wa siku hizi hawathamini mchakato.

Uzinduzi tuliuweka siku ya arobaini, baada ya dua, ili pilau itumike mara moja. Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Kasimiri, alishika kipaza sauti. "Mimi ni Mluguru wa Mlali, Mluguru wa damu! Mila zetu nitazilinda mpaka kaburini!" Watu walipiga makofi huku wakitazama masufuria.

Hapo ndipo alipoingia Bi Mwaisha, muuza mihogo. Ni Mzigua, na Wazigua na Waluguru ni watani. Msibani mtani haulizwi, hata akimwiga marehemu au akikamata mali ya mtu. Alikuwa amevaa kofia ya kazi ya marehemu na kandambili zake, akiburuta mguu vilevile kama Afande. Wafiwa wakaangua kicheko. Raya alicheka hadi akalia, maana mtani yule alikuwa baba yake mtupu.

"Nyie!" Bi Mwaisha alifoka kwa sauti ya marehemu. "Nani kaiba taa yangu?"

Nilimwagiza mlinzi amwondoe.

"Katibu, huyo mtani," akanong'ona. "Nikimgusa nitachekwa mpaka Kisaki."

Bi Mwaisha alikwishaingia kwenye gari la Mheshimiwa na kuchomoa ufunguo. "Waluguru nyie, meli mtazipandisha mlimani? Au mnapotea njia ya chooni? Gari nimelikamata! Sitoi ufunguo mpaka taa ipakiwe irudi baharini!"

Mheshimiwa alinuna. Lakini Mluguru anayemkasirikia mtani msibani ni Mluguru gani, na yeye alikuwa ametoka kula kiapo kwenye kipaza sauti. Akacheka kama mtu mwenye jino bovu.

"Mpeni mtani haki yake."

"Na mfuta kioo," akaongeza Bi Mwaisha, akininyooshea kidole. "Huyu hapa. Mikono yake laini, haitakwaruza."

"Naye mpeni," akasema Mheshimiwa. Safari hii alicheka kwa moyo.

Nilipinga kwamba mimi ni mtu wa kuja tu, simo katika utani wao.

"Ndiyo vizuri," akasema Raya. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Taarifa hii naiandikia juu ya mnara, rasini, kwa cheo cha Kaimu Msimamizi wa Nuru. Taa inawaka na mitumbwi inapita salama. Chumvi haijali cheo. Kioo nikikifuta asubuhi, jioni kimechafuka tena. Rangi ya ukutani imebabuka yote, nami niliiomba Idara makopo machache. Jana jibu lilifika, neno kwa neno kama nilivyolitunga mwenyewe. Fungu lililopo ni la kumbukumbu, na kumbukumbu hutolewa kwa marehemu. Tafadhali subiri.