Taa ya Kijani ya Alimasi

Jumatatu, 7 Machi 1983
Siku njema! Chef wetu wa kazi, citoyen Mawazo, ametangaza kuwa mashine mpya ya mizani ya malori ya shaba inahitaji programu ya kuiamsha. Wageni watakuja Alhamisi. Ambaye programu yake itawapendeza, mimi au mwenzangu Chomba, anapelekwa stage, mafunzo ya kazi, Ubelgiji. Nimeshamwambia mke wangu Feza anitafutie koti.

Chomba ana mambo! Eti kwanza kabisa prosesa, ule ubongo wa mashine, ionyeshwe mahali pa kukimbilia ikikuta hitilafu, ndipo ianze kupapasa kumbukumbu zake. Nani anaanza safari kwa kutafuta hospitali? Watu wa Sakania bwana.

Jumanne, 8 Machi
Mashine iliamka na programu yangu, ikapapasa kumbukumbu, ikazimia. Hata kwaheri haikusema. Nikasingizia umeme. Chomba akaisukuma kadi moja ya kumbukumbu iliyolegea, akaeleza kwa upole kwamba prosesa ilikuta hitilafu ikakosa pa kukimbilia. Upole wake unaniudhi! Bahati nzuri Feza alipika bukari, ugali wetu, na samaki. Moyo ukarudi.

Jumatano, 9 Machi
Akili ni nywele! Sasa programu yangu inayo pa kukimbilia. Hitilafu yoyote: iruke, songa mbele, washa taa ya kijani. Ya Chomba inasimama na kuandika ugonjwa kwenye skrini. Aibu gani hiyo mbele ya wageni! Na ili aibu isikose, jioni nimeilegeza tena ile kadi. Leo nitalala kama mtoto.

Alhamisi, 10 Machi
Ya Chomba ilitangulia. Ikasimama, ikaandika: kadi ya tatu haijibu. Nikacheka peke yangu. Mgeni mkubwa akasema hiyo ndiyo programu anayoitaka.

Ikaja yangu. Kijani! Lori la shaba likapanda mizani: sifuri. Akapanda mgeni mwenyewe, na kitambi chake: sifuri. Kijani inawaka tu. Chef akauliza nani aliigusa kadi. Nikatazama dari. Chomba alinijua, hakunitaja. Aliniambia tu kando, kama mdogo kwa kaka yake, "Yaya Alimasi, machine ikiumwa, uiache iseme."

Ijumaa, 11 Machi
Chomba ndiye wa Ubelgiji. Nimemwazima koti. Mimi nimepelekwa mizanini kuandika uzito kwa mkono. Si pabaya: kuna kivuli, na madereva wanagawa karanga.

Tena shemeji Bahati kaniazima pikapu! Kesho nampeleka Feza Kasumbalesa. Kuna taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi iliyokataa kuzimika. Feza akasema, "Baba Asha, ile taa iko inakuambia kitu."

Hofu tu. Nimetoa balbu. Gari sasa ni zima kabisa.