Rambirambi za Kisiwa cha Patmo

Wilbroad aliiona riziki yake kwenye maegesho ya kanisa kule Alief, mtaa wa Houston, jua la Juni likikaanga lami baada ya misa. Kina mama wa Kitanzania walikuwa wamebanana kwenye kivuli cha gari wakitazama simu ya Mama Pelagia.

"Ndeshi huyo," alisema Mama Pelagia, muuguzi na mwenyekiti wa kila kamati iliyowahi kukaa Houston. "Yuko Ugiriki, kisiwani. Nyumba nyeupe, bahari ya buluu, na yeye katikati kama bendera."

"Na mchango wa kwaya hajatoa," mwingine akaongeza.

Wivu, ndugu msomaji, ni dhambi. Kwa Wilbroad ulikuwa mtaji. Kijana huyo hakuwa na kazi inayojulikana. Alikuwa na suti mbili na ulimi mmoja, na ulimi ndio uliolipia suti.

"Mama zangu," akasema, "Ndeshi amekwenda kutalii. Mimi nawapeleka kuhiji. Si mnakijua kisiwa cha Patmo, Mtakatifu Yohane alikopewa Ufunuo? Kiko hukohuko Ugiriki! Asubuhi sala pangoni, mchana baharini. Tunakwenda Julai, joto likiwa limekolea. Ila nafasi ni chache."

Akawa amewanasa wote, wenye njaa ya utakatifu na wenye njaa ya picha. Protais, katekista Mrundi wa Haltom City, mwendo wa saa nne kwa gari, anayebeba maboksi ghalani, aliposikia neno Patmo alitoa machozi, kisha akatoa akiba aliyoiweka ya kununua gari. Wenye nafasi zao wa kitongoji cha Sugar Land walituma zaidi, ili wasilale hoteli moja na kina Protais.

Kikao cha maandalizi kilimaliza jioni nzima. Walijadili kama Wagiriki wana unga wa ugali, kama mama mwenye wajukuu anaweza kuogelea na kitenge, na nani asikae karibu na nani kwenye meli. Hakuna aliyeuliza jina la hoteli.

Julai ilipokaribia wakaanza kudai tiketi. Wilbroad alihitaji muda kidogo tu wa kutoweka. Akaandika kwenye kundi lao la simu: "Ndugu zangu, mjomba wangu Bukoba amefariki. Naomba mnivumilie kuhusu tiketi."

Hapo ndipo alipokosea. Mtu anayetaka kuachwa peke yake awaambie Watanzania lolote, lakini asiwaambie amefiwa.

Hajamaliza kufunga zipu ya sanduku, mlango ukagongwa. Mama Pelagia akaingia na sufuria, nyuma yake wanawake wenye mikeka. Samson, mhasibu, akaanza kutoa makochi nje. Jioni Protais akawasili kutoka Haltom City na kwaya nzima.

"Jamani, sanduku ameshafunga!" Mama Pelagia alisikitika. "Alitaka kwenda kuzika peke yake, maskini."

"Mama, msijisumbue, mimi..."

"Nyamaza, mwanangu. Na lete simu. Mfiwa hapokei simu."

Akakalishwa kwenye godoro katikati ya wanaume wawili wanene waliopewa kazi ya kumfariji. Akienda chooni, alisindikizwa mpaka mlangoni kwa pambio.

Kesho yake Mama Pelagia akasimama. "Kamati imekaa. Tutaogeleaje wakati mwenzetu analia? Pesa zote za kisiwani sasa ni rambirambi."

Watu wakasema amina. Wilbroad akaisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kumbe hata wizi hupata baraka!

"Kwa hiyo azitume kwa mweka hazina wetu, Samson, amkatie tiketi ya kwenda kuzika," Mama akamalizia. "Mfiwa hashiki pesa."

"Nilishalipa hoteli!" Wilbroad akaropoka.

"Basi Samson awapigie, watatuhurumia. Hoteli gani?"

Macho yote yakamgeukia. Protais alishika rozari, akimtazama kwa huruma isiyovumilika.

"Nimekumbuka," Wilbroad akasema kwa sauti ndogo. "Bado ninazo."

Akarudishiwa simu, kwa muda wa kubonyeza na kuzituma tu.

Kwenye uwanja wa ndege, kwaya iliimba mpaka wasafiri wengine wakavua kofia. Mama Pelagia akamkumbatia Wilbroad, mdomo sikioni.

"Mwanangu, Samson alipata namba kwenye simu yako, akapiga Bukoba kumpa pole mjane. Akapokea marehemu."

Wilbroad akatafuta kwa macho mlango wa kutokea.

"Ana sauti nzuri, yule mzee. Atakupokea yeye mwenyewe na wanawe. Anasema utamweleza alikufa kwa ugonjwa gani."

"Mama... kwa nini hukuniumbua?"

"Kumdai tapeli kunataka wakili. Kumdai mfiwa kunataka kamati tu."

Wilbroad akageuka nyuma. Watu wote aliowaibia walikuwa wakimpungia vitambaa, wengine wakilia. Heri kumkabili mjomba kuliko hawa.

"Na pesa iliyobaki? Utawarudishia?"

"Rambirambi hairudishwi, mwanangu, ni mkosi. Inatosha watu wawili kwenda Patmo, wakaiombee roho ya mjomba wako."

"Wawili gani?"

Samson, aliyesimama kando, akakohoa, kisha akahamishia mkoba wa Mama Pelagia kwenye bega la pili.