Hisa za Kiwanda na Mtamba wa Nyanchera

Jumatatu, 7 Julai 1975
Hasira tangu asubuhi. Serikali inawauzia wakulima hisa zake za kiwanda cha chai. Tangazo liko kwenye kituo cha kupimia majani: Ijumaa, ofisini kiwandani, atakayewahi ndiye atakayepata. Mwenye hisa nyingi ataingia kamati. Ratemo, jirani yangu na mzee wa kanisa, tayari anatembea kama mwanakamati. Mtu aliyeusogeza mpaka wa shamba langu hatua mbili! Nimelibandua tangazo. Liko chini ya godoro.

Jumanne, 8 Julai
Nimewatangazia watu kituoni kwamba hisa zitauzwa Jumamosi. Sisi ni Wasabato, hakuna atakayethubutu kununua siku ya Sabato. Ijumaa dirisha la mauzo litakuwa langu peke yangu. Ratemo alikuna kidevu tu. Akune mpaka kitoke damu.

Jumatano, 9 Julai
Sikwenda kwenye maombi ya jioni, uso wa Ratemo unanichefua. Mke wangu Nyanchera alikwenda. Hatusemezani, maana nimeamua kuuza mtamba wake, ng'ombe ambaye hajazaa bado, ninunue hisa. Alipewa na mama yake mzazi, mtamba huyo pamoja na ng'ombe aliyemzaa. Aliporudi alitaka kuniambia jambo la kanisani. Nikamwambia abaki nalo. Akabaki nalo.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemswaga mtamba hadi mnadani. Farah, mchuuzi wa ng'ombe, alimkagua meno, akataja bei ya mbuzi. Nilimtukana, halafu nikapokea. Wakati wa kurudi nilikutana na majirani wakitoka upande wa kiwandani, wamevaa nguo za kanisani. Nikadhani ni msiba. Nikawapa pole. Wakacheka, wajinga hawa.

Ijumaa, 11 Julai
Dirishani nilikuwa peke yangu, kama nilivyopanga. Karani Angwenyi akasema hisa ziliisha jana. Ratemo alikuja Jumatano kulalamika kuhusu Jumamosi. Angwenyi akamweleza kwamba siku ni Ijumaa. Ratemo akasema foleni ikichelewa, jua litazama na Sabato itawakuta dirishani. Angwenyi naye ni Msabato. Akasogeza mauzo hadi Alhamisi, na habari ikatolewa kwenye maombi. Nilipiga meza. Nimeumia mkono. Nyanchera hajui bado kwamba mtamba ameuzwa bure.

Jumamosi, 12 Julai
Ratemo amesimama mbele ya kanisa zima kunishukuru. Alisema bila ndugu Obadiah kukosea kusoma tangazo, wasingekwenda kuuliza. Kukosea kusoma! Mimi niliyefika darasa la saba, naye hata jina lake anaandika akitoa ulimi! Wakaombea macho yangu. Mjane Bathsheba akanipa miwani yake. Nyanchera aliniuliza, pale pale kwenye benchi, mtamba wake yuko wapi. Nikavaa miwani. Alilia kimya hadi wimbo wa mwisho, na hilo limeniuma kuliko hisa.

Jumapili, 13 Julai
Nilikwenda kwa Farah kumkomboa mtamba. Anataka bei niliyolipwa na nusu yake tena. Mwizi. Njiani nilikutana na Angwenyi, akaninong'oneza kwamba kuna hisa chache zimerudishwa na walioshindwa kulipa, zitauzwa Jumanne ya tarehe tano Agosti. Nikinunua hizo, nitapata gawio, nitamkomboa mtamba, Nyanchera atanisamehe. Nimepita kwa Bathsheba kurudisha miwani. Nimemwambia kuna hisa nyingine, zitauzwa Jumamosi.

Mama wa mtamba bado yuko zizini. Meno yake ni mazuri.